Mzee wa maradhi ya kusahau akifariki: namna ya kuwashika mkono waliomuuguza

Jambo la kwanza analoambiwa mtu aliyemuuguza mzazi wa maradhi ya kusahau, na maiti bado iko ndani, ni hili: "Alhamdulillah, sasa umepumzika." Mimi niliambiwa hivyo kwetu Wete, Pemba, asubuhi ya msiba wa mama, na watu si chini ya kumi kabla hata ya adhuhuri. Wote walikusudia wema. Nikaitikia, kisha nikatoka uani nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, maana huko kupumzika sikujua kunaanzia wapi. Kwa miaka sita nilikuwa nikiamka saa nane usiku kumgeuza ubavu. Usiku wa kwanza baada ya maziko niliamka saa nane vilevile, nikafika mpaka mlangoni kwake.

Nimewaandikia haya watu wanaoizunguka nyumba ya namna hiyo: majirani, ndugu, imamu na wanakamati wa msikiti, na wanaofanya kazi katika nyumba za wazee. Aliyefiwa mwenyewe pengine hatakuwa na nguvu ya kusoma.

Maradhi yenyewe madaktari huyaita dimensia, na aina yake kubwa ni Alzheimer, inayochukua kiasi cha asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 walio nayo. Kwetu tunasema "kafanya utoto" au "uzee huo," basi. Lakini msiba wake haufanani na msiba wa mtu aliyeanguka ghafla. Mama anapokuita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, unalia siku ile. Anapokuuliza "We mtoto wa nani?" unalia tena. Siku anayokata roho, machozi mengine yameshatoka zamani, na watu wanaokuona huna machozi wanasema mengine. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Pauline Boss, aliupa jina msiba huo wa mtu aliyepo na huku hayupo, na alianza kuuandikia tangu miaka ya 1970.

Huko Marekani na Uingereza ziko nyumba maalumu za wazee wa maradhi haya. Mzee akifariki, mfanyakazi humpigia simu mtoto wake, humwacha akae na maiti, humkusanyia vitu vya chumbani, na baadhi ya nyumba hufanya siku ya kuwakumbuka waliofariki. Hospisi za Marekani, yaani huduma za kuwatunza wagonjwa waliokaribia kufa, zinazolipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali yao kwa wazee, zinatakiwa ziendelee kuwaangalia wafiwa hadi mwaka mmoja baada ya kifo. Sisi nyumba za namna hiyo hatuna. Tuna Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba, ambazo ni nyumba za wazee kwa jumla, na wazee wetu walio wengi hufia vitandani mwao. Tulicho nacho ni watu, na watu wetu wakati wa msiba hakuna mfano wao. Kasoro yetu ni moja: tunakuja wote siku tatu, halafu tunaondoka wote.

Saa ya mwanzo: mwacheni akae naye

Kabla hamjaita mtaa mzima, mpeni aliyeuguza robo saa peke yake na maiti. Mlango urudishwe, mtu mmoja akae nje azuie watu. Robo saa haicheleweshi maziko. Baada ya hapo nyumba itajaa, atavutwa huku na huku kuulizwa sanda iko wapi, ufunguo wa kabati uko wapi, na nafasi hiyo hairudi tena.

Simu apige mtu mwingine. Na anayepiga aseme neno lenyewe: "Mama amefariki." Mambo ya "Njoo tu, hali si nzuri" humfanya aliyeko Unguja apande boti akiwa na matumaini, kisha aambiwe bandarini Mkoani na mpagazi. Kwa aliyeko Maskati au London, mwambieni saa ya maziko kama ilivyopangwa, msimwahidi kwamba atasubiriwa. Akitaka, mtu asimame pembeni na simu asikie sala ya janaza. Msimpigie vidio ya maiti bila kumuuliza. Wapo waliokuwa hawajamwona mzazi kwa miaka saba, na sura watakayoiona siyo waliyoiacha.

Kuosha: hapa ndipo aibu inapozaliwa

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu sijaona mtu analisema.

Mzee aliyelala kitandani muda mrefu mara nyingi huwa na donda la mgongoni au kiunoni, hata awe amegeuzwa kila saa mbili. Ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi, nyama imekwisha, hali chakula cha kutosha. Waoshaji wataliona. Na mwoshaji mmoja mwenye mdomo anatosha: jioni uwanja mzima unajua kwamba bibi alikuwa na donda linaloingia ngumi, na kwamba "mwanawe alikuwa hamwangalii." Nimemuona dada mmoja Chake aliyeacha kwenda harusini mwaka mzima kwa neno hilo.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mkubwa wa waoshaji aketi nao kabla ya kuanza, awakumbushe kuwa kinachoonekana juu ya maiti kinazikwa na maiti. Dini imelisema hilo wazi. Awaambie pia kwamba donda lile ni sehemu ya maradhi. Kisha amuulize aliyeuguza: "Unataka kuingia kuosha?" Ikiwa ni mtu anayestahiki kumwosha, asizuiwe kwa kisingizio cha kumhurumia. Huyo ndiye anayejua mkono upi ulikuwa haukunjuki na vipi kuugeuza bila kuuvunja. Mimi niliambiwa nikae chumbani na wageni. Mpaka leo naona nilinyang'anywa mara yangu ya mwisho.

Siku za matanga: maneno gani na maneno gani siyo

"Umepumzika" iacheni. "Alikuwa keshakufa zamani" iacheni kabisa. "Bora, alikuwa hajui kitu" nayo iacheni. Mwenye kuuguza anajua kwamba mzee alikuwa akijua sauti, akijua mkono, na akisomewa Yasini midomo ilikuwa ikitikisika.

Ukikosa la kusema, taja kitu cha mzee kabla hajaugua. "Mimi bibi alinifundisha kushona kofia pale barazani." Kwa miaka yote ile watu wamekuwa wakiuliza habari za maradhi tu. Neno moja kama hilo humrudisha mama aliyekuwa na ulimi mkali na mkono mwepesi wa kukuna nazi.

Kuna mambo mawili ambayo aliyeuguza huyaficha, na yanahitaji mtu mwenye elimu ayatoe.

La kwanza ni sala. "Mama hakusali miaka minne. Nilikuwa nikimtawadhisha anasahau, akirukuu anakaa." Imamu asisubiri kuulizwa. Amwambie ile hadithi ya kalamu iliyoinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na aliyepotewa na akili mpaka imrudie. Funga za kabla akili haijaondoka ni suala jingine, aulizwe sheikh kwa utulivu, siyo katikati ya kisomo.

La pili ni kijiko cha mwisho. Maradhi haya yakifika ukingoni hunyang'anya hata kumeza. Uji au mate huteremkia njia ya hewa, na nimonia inayofuata ni moja ya sababu kubwa za kifo kwa wagonjwa hawa. Sasa mtoto aliyemlisha jioni, mzee akapaliwa, na asubuhi ya pili akafariki, anaamini amemuua. Halisemi. Linakaa kifuani. Mtafuteni muuguzi au daktari aliyekuwa akimjua mzee, aje nyumbani au apige simu, aseme kwa kinywa chake: hivi ndivyo maradhi haya yanavyomaliza. Jirani akisema inaingia sikio hili inatoka lile, wa hospitali akisema inakaa.

Msimsahau dada wa kazi. Kama mzee alikuwa na msichana wa kulipwa aliyemlisha na kumbadilisha pampasi, huyo naye kafiwa, na kwa siku zile tatu ndiye mnayemtuma maji. Mpeni mkono wa pole kama mnavyowapa watoto. Mwambieni mapema mshahara wake unaishia lini.

Na mambo ya khitma na arobaini: wapo wanaofanya, wapo wasiofanya. Mabishano hayo yapelekeni darasani. Nyumba ya msiba ina kelele za kutosha.

Mwenza aliyebaki naye akiwa hakumbuki

Huu ndio mtihani mkubwa kuliko yote. Babu amefariki, bibi aliyebaki naye ameshaanza kupotea. Anauliza, "Mzee yuko wapi?"

Mwambieni. Mara moja, asubuhi akiwa katulia, mtu mmoja anayemwamini, kwa maneno mafupi: "Bibi, mzee amefariki." Mwacheni alie. Mpelekeni akamwone kabla hajatolewa, kama anaweza.

Baada ya saa mbili atauliza tena. Wengi hapa hukosea, wanamwambia upya kila mara, na kila mara kwake ni habari mpya. Nimemwona bibi mmoja akifiwa mara tano kwa siku moja. Akishaambiwa mara ya kwanza, na mkaona hazikai, sasa jibuni kile anachokitafuta: "Umemkumbuka mzee, eeh? Alikuwa anapenda nini jioni?" Atawaambia kahawa, atawaambia bao, na hofu itashuka. Msimdanganye kuwa amekwenda shamba atarudi. Atakaa mlangoni kumngoja, na magharibi ikiingia atatoka kumtafuta.

Eda yake ni miezi minne na siku kumi kama ya mjane yeyote, na siku zinahesabika ajue asijue. Lakini kizuka asiyekumbuka kuwa ni kizuka atataka kuvaa kanga yake ya rangi, atataka udi, atataka kutoka. Msigombane naye. Kanga za mapambo ziondoeni kabatini kimya kimya, weka zile anazopaswa kuvaa, na mmoja wenu achukue dhamana ya kuhesabu siku. Akitoka nje bila kujua, mumrudishe kwa kumshika mkono. Penye utata, kama kumpeleka kliniki au kumhamishia kwa mtoto mwingine kwa sababu hana wa kumwangalia, mwendeeni kadhi au sheikh wenu na mumweleze hali ya akili yake ilivyo. Mkimficha hilo, jibu atakalowapa ni la mtu mzima wa akili.

Anayefika na begi siku ya pili

Kila ukoo unaye. Anaingia kutoka mbali, analia kuliko wote, kisha anauliza: "Kwa nini hamkumpeleka Muhimbili? Nani alikuwa akimpa dawa?" Ni majuto yanayotafuta pa kutua, lakini yanamwangukia dada aliyebaki nyumbani.

Ami au shangazi mkubwa amchukue pembeni siku ileile. Amsimulie, bila ya kumlaumu, siku moja tu ya kumuuguza mzee ilivyokuwa, tangu alfajiri mpaka saa nane usiku. Siku moja inatosha. Halafu ampe kazi: alipe turubai, afuatilie cheti, akae na watoto. Wa aina hii wakipewa kazi hutulia.

Makaratasi

Kifo kikitokea nyumbani, sheha ajulishwe kabla ya maziko, na awaelekeze. Kikitokea hospitali, chukueni karatasi ya taarifa ya kifo kabla hamjaondoka na maiti. Cheti cha kifo hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, ulioundwa kwa sheria namba 3 ya 2018, na ofisi zake zipo wilayani. Nendeni na kitambulisho cha Mzanzibari cha marehemu. Kama mzee alikuwa akipokea Pensheni Jamii, ile iliyoanza Aprili 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, toeni taarifa ili jina liondolewe. Msiendelee kupokea kwa jina lake. Kama alikuwa mwajiriwa mwenye mafao, ulizieni ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar.

Mirathi ya Waislamu husimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mpangilio unajulikana: gharama za maziko, kisha madeni, na mahari ambayo mume hakumaliza kulipa ni deni kama deni jingine, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Mjane ana thumni ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Kuuguza hakuongezi fungu. Dada aliyeacha kazi miaka sita atapata nusu ya kaka yake aliyekuwa akituma pesa sikukuu hadi sikukuu, na hakuna kadhi atakayelibadilisha hilo. Lakini warithi wakubwa wakiridhiana wanaweza kumpa katika mafungu yao wenyewe, na mtu mwenye haya hulianzisha jambo hilo bila ya kusubiri aombwe.

Ila kwa maradhi haya liko jingine: ile hati ya shamba la mikarafuu iliyotiwa dole gumba wakati mzee hajui jina la mwanawe. Wasia na mauziano vinataka mtu mwenye akili zake. Kusanyeni kadi za kliniki zote zenye tarehe, zitieni kwenye bahasha moja, na msitie saini kitu chochote mpaka matanga yaanuliwe. Anayeharakisha saini penye jamvi la msiba, muulizeni haraka yake ni ya nini.

Baada ya siku ya tatu

Majamvi yamekunjwa, masufuria yamerudishwa, nyumba imenyamaza. Hapa sasa ndipo aliyeuguza anapoanza msiba, na hapa ndipo hatupo.

Amepoteza mzazi na amepoteza kazi kwa wakati mmoja. Siku yake yote ilikuwa imefungwa kwenye mwili wa mtu mwingine: uji saa moja, kumwogesha, dawa, kumzuia asitoke magharibi inapoingia. Sasa ni saa nne asubuhi na hana la kufanya. Marafiki wamepotea kwa sababu miaka yote alikuwa hatoki. Ana hela ya wiki moja.

Gawaneni. Watu wanne wanatosha. Mmoja achukue Jumatatu, mwingine Alkhamis, na aende kweli, bila ya kuuliza "Unahitaji chochote?" maana jibu la hilo siku zote ni "Hapana, ahsante." Nenda na samaki, mkae mpae pamoja. Fanyeni hivyo mpaka arobaini ipite, kisha mara moja kwa wiki, kisha wekeni alama mwezi wa Ramadhani wa kwanza na Idi ya kwanza. Wa mwisho wenu asiache kabla ya mwaka.

Chumba kiacheni mpaka mwenyewe aseme. Siku akiwa tayari, mtu mmoja amsaidie. Kigari, godoro la hewa na pampasi zilizobaki zina thamani. Ipo nyumba ya jirani inayovihitaji leo. Dawa zirudisheni kituo cha afya, msizigawe. Halafu kuna lile komeo. Nyumba nyingi za wagonjwa hawa zina komeo juu kabisa ya mlango wa mbele, mzee asilifikie. Kwetu lilikaa miezi mitatu baada ya mama kuondoka. Kila usiku nalifunga. Kaka yangu alikuja siku moja na bisibisi akaniuliza, "Nilitoe?" Nikasema bado. Akakaa akanywa chai akaondoka na bisibisi yake. Alirudi mwezi uliofuata.

Huzuni ni ya kawaida. Lakini akipita wiki kadhaa halali, hali, haogi, au anasema anatamani kumfuata mama, msingoje sheikh wa kombe peke yake. Mpelekeni hospitali: kwa Unguja huduma za akili zipo Kidongo Chekundu, na jina lile lisiwatishe, hawapelekwi wendawazimu peke yao, kwa Pemba anzieni hospitali ya Chake Chake. Na akikuuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi nitakuwa hivi?", mjibu kwamba mara nyingi maradhi haya hayarithiwi moja kwa moja, ila shinikizo la damu na kisukari huyakaribisha, kwa hiyo mfuatane mkapime presha nyote wawili.

Kwa wanaofanya kazi nyumba za wazee

Kwenu nyinyi mambo ni mengine kidogo. Wazee wenzake chumbani waambieni aliyekufa amekufa. Kitanda kitupu kisichoelezwa kinawatisha zaidi. Kama marehemu ana ndugu, mfanyakazi aliyekuwa akimlisha ndiye aende kuhani, siyo mkubwa wa ofisi peke yake, na achukue kofia yake, bakora yake, tasbihi yake, vikiwa vimefuliwa na kufungwa vizuri, sio ndani ya mfuko wa taka. Kama hana ndugu, nyinyi ndio wafiwa. Mpeane mkono wa pole wenyewe kwa wenyewe.

Mwisho, baada ya miezi minne mitano, huenda nyumba nyingine mtaani ikapata mgonjwa kama huyo. Wataanza kuuliza: vipi unamlisha mtu anayefunga meno, vipi unamwogesha asipige kelele. Muulizeni aliyefiwa kama angependa kwenda kuwaonyesha. Mimi niliulizwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikataa.